Mwenye Subaru ya Zambarau

Lesiamon aliapa mbele ya wazee wa kanisa kwamba aligongwa na gari. Hawakumwamini. Alikuwa ameokotwa mtaroni karibu na Isinya, mguu umevunjika, na kwa kuwa ujanani alikuwa mtu wa chupa, ikasemwa ameirudia, akaanguka mwenyewe. Wakamvua uongozi wa kwaya. Mkewe Soila ndiye peke yake aliyeshika neno lake: gari la zambarau, limeshushwa karibu lilalie lami, likilipuka kwa nyuma kama bunduki.

Soila alikuwa akipeleka maziwa Kitengela, basi akaanza kuulizauliza huko. "Gari iliyogonga bwana yangu mnaijua?" Vijana wa kuosha magari wakawa mabubu. Siku moja gari lenyewe likapita, Subaru yenye bawa kubwa nyuma, na kila mtu akainua simu alipige picha. Hapo akaelewa. Gari lile lilikuwa na wapenzi wengi kuliko mumewe.

Akabadilisha ulimi. "Ile gari ni maridadi, jameni! Ni ya nani?"

Midomo ikafunguka. Ni ya Roy, wakamwambia, na hushinda kwa gereji ya Melvin nyuma ya soko.

Alilikuta hapo. Akatua mtungi, akasifu rangi, akasifu magurudumu, akasifu hata bampa. Melvin, fundi wake, akachangamka.

"Hii bampa ni mpya, mathe. Imetoka Japani. Ile ingine ilipasuliwa na ng'ombe huko Isinya, mvua ikianza."

Mahali palepale, na majira yaleyale, Lesiamon alipookotwa.

Roy akaingia, kijana mpole anayenukia marashi. Kuona mama wa shuka la Kimaasai akilisifu gari lake, akafurahi, akamshika bega wapige selfi. Simu ikiwa bado juu, Soila akasema, "Haikuwa ng'ombe. Ilikuwa bwana yangu."

Mkono ukamtoka begani.

"Giza lilikuwa linaingia, mathe. Mimi nilidhani ni ng'ombe."

"Na ukigonga ng'ombe wa mtu, husimami?"

Roy akamtazama Melvin. Melvin akaokota spana, akaipangusa bila sababu.

"Sitaki kitu chako," Soila alisema. "Kuja tu Jumapili useme kanisani. Wanamwita mlevi."

"Nitakuja. Haki ya Mungu."

Jumapili Lesiamon alivaa koti, akaketi kiti cha mbele na mikongojo yake. Kila gari lilipounguruma barabarani, aligeuka. Ibada ikaisha, watu wakatoka, naye angali ameketi.

Soila aliporudi gereji, Melvin hakuinua macho. "Gari gani ya zambarau, mathe? Hapa hakuna."

Soila akawaeleza wazee yote aliyoyasikia. Mmoja wao akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamshika mkono kwa upole. "Mke mwema humsitiri mumewe, Soila. Mungu atakubariki."

Upole ule ulimchoma kuliko matusi. Njiani kurudi hakujua atamwambia nini Lesiamon. Alipofika, mumewe alimtazama usoni mara moja tu, akaiegemeza mikongojo ukutani mwa zizi, akaketi kukamua ng'ombe.

Siku hizi Soila huuza maziwa Kajiado mjini, ingawa wanunuzi ni wachache. Kitengela hakanyagi tena; hataki kusikia gari lile likisifiwa.