Neno Nililompelekea Mama

Daktari aliniuliza swali moja tu.

"Mama aliacha vidonge vya presha lini?"

Nikamjibu, "Sijui, daktari. Mimi nashinda kazini."

Nilikuwa najua. Ilikuwa siku ya ishirini na tatu.

Mama alikuwa kitanda cha pili kutoka mlangoni, amefunikwa shuka mpaka usoni. Saa tatu asubuhi alikuwa sebuleni anakunja nguo, mimi najiandaa kutoka. Akasema kichwa kinamgonga. Akakaa chini, hakuinuka tena. Saa sita alikuwa ameshaondoka. Mshipa ulipasuka kichwani, ndivyo tulivyoambiwa.

Naandika haya kwa sababu nimeanza kusahau sauti yake, na kwa sababu kuna jambo nililificha karibu mwaka mzima. Najua wapo watakaonitukana kwenye komenti. Tukaneni tu, sitajibu.

Nyumbani tulikuwa watatu. Mama, fundi cherehani aliyestaafishwa na macho. Mimi, niliyeishia kidato cha nne, natoa kopi na kuchapa barua kwenye duka la steshenari. Na mdogo wangu wa kiume, ambaye mama alimwita Profesa tangu anajifunza kuhesabu vifungo. Alikuwa anasomea shahada ya pili ya kemia.

Sasa kemia yake haikuwa ya chupa na moshi. Ilikuwa ya kompyuta. Kompyuta yenyewe ilikaa juu ya vitabu viwili pale sebuleni, feni inaipuliza hiyo tu, sisi tunatoka jasho.

"Kwa hiyo mgonjwa wa nyumba hii ni mashine?" mama akamuuliza.

"Mama, ikipata joto inazima. Hesabu ya siku nne inaanza upya."

"Na mimi nikipata joto?"

"Wewe huzimi, mama."

Tulicheka sana. Siku hizi nikilikumbuka lile jibu, hujikuta nimesimama tu katikati ya chumba.

Mama alitaka kujua hasa anahesabu nini. Profesa akamwambia mwilini kuna chembe zinaitwa radikali huru.

"Ni kama mtu aliyepoteza kiatu kimoja, mama. Anamvua mwenzake. Yule naye anamvua wa tatu. Mwishowe mtaa mzima unagombania viatu."

"Na hiyo antioksidanti unayoitaja kila siku?"

"Huyo ni mstaarabu. Anavua chake mwenyewe, anampa yule, ugomvi unaisha."

Molekuli aliyokuwa anaichunguza inapatikana kwenye majani ya mpera. Kompyuta ilikuwa inapima nguvu inayohitajika kuing'oa atomi moja ya haidrojeni kwenye ile molekuli. Nguvu ikiwa ndogo, maana yake molekuli inatoa kiatu kirahisi. Ndivyo nilivyoelewa mimi.

Na mpera tulikuwa nao uani, kando ya kamba ya nguo.

Hesabu zilimtesa. Namba zinazunguka badala ya kutulia, programu inajikatia yenyewe, Profesa anashika kichwa: "Imegoma tena." Ikawa lugha yetu. Jiko lisipowaka, limegoma. Goti la mama likiuma, limegoma.

Mpaka Jumamosi moja mchana. Kelele hizo!

"Imekubali! Dada, imekubali! Inatoa haidrojeni kirahisi kuliko nilivyotegemea!"

Akanikumbatia, akafunga begi, akatoka mbio kumwonyesha mwalimu wake.

Mama alikuwa chumbani kajilaza. "Kuna nini huko?"

"Profesa amesema imekubali."

"Nini imekubali?"

"Dawa ya mpera."

Dawa. Neno hilo nililiongeza mimi. Mdogo wangu hakulitamka hata mara moja.

Sijitetei, naeleza tu. Vile vidonge vilikuwa vinamvimbisha miguu na kumpa kizunguzungu. Mimi ndiye niliyempa kila asubuhi, na kila asubuhi alinibembeleza: "Mwanangu, leo niache." Nilichoka kuwa askari wa mama yangu. Nilitaka sana iwe dawa.

"Basi vidonge nipumzike?" akauliza.

"Pumzika, mama. Ila usimwambie Profesa kwanza, atakuanzishia somo."

Nilichemsha majani mwenyewe. Kikombe asubuhi, kikombe jioni. Wiki ya kwanza uvimbe ulipungua. Siku moja akatembea mpaka dukani kwetu, akatangaza mbele ya wateja, "Huyu binti yangu ni daktari, mumheshimu."

Nilijisikia mtu, jamani.

Baada ya mazishi, kabla wageni hawajatawanyika, nilivitumbukiza vidonge vilivyobaki chooni.

Wiki ya pili ya msiba Profesa aliifunga kompyuta akaipandisha juu ya kabati. Mwalimu wake, mama mmoja mfupi asiyecheka ovyo, akaja mpaka nyumbani.

"Umebakiza sura moja. Mtu anaachaje kazi na sura moja?"

"Mwalimu, mimi na kemia basi."

Akaenda kuuza makava ya simu. Nikajisemea ni msiba, utapita. Haukupita. Akakonda. Akawa hanitazami usoni. Moyoni nikawa nahisi ameshajua, ananivizia.

Mwezi uliopita, Jumapili mchana, akaniita chumbani kwake. Mkononi ana daftari la mama, lile la kuandikia vipimo vya presha. Mimi nilidhani lilipotea. Kumbe alilificha yeye siku ya tatu ya msiba, alipokuwa anatafuta kadi ya kliniki.

Ukurasa wa mwisho, mwandiko wa mama uliolala: "Profesa amesema imekubali. Kuanzia leo naacha vidonge."

Mdogo wangu akapiga magoti.

"Dada, nilipiga kelele, mama akanisikia, akaelewa vibaya. Nimemuua mama kwa mdomo wangu. Nisamehe."

Nilichotakiwa kusema kilikuwa mdomoni. Nilikihisi kabisa.

Nikamshika kichwa. Nikamwambia, "Nimekusamehe."

Mimi huyo. Nikamsamehe kosa langu.

Alilia akanishukuru. Mchana ule akamaliza sahani yote, mara ya kwanza baada ya miezi. Nilimwangalia anavyotafuna, nikamsogezea na sahani yangu.

Nikakaa hivyo siku kumi na moja. Kisha Alhamisi tukiwa tunaanua nguo, akaniambia, "Dada, wewe una roho nzuri. Mwingine angenifukuza hapa."

Nikaiachia shuka ikaanguka.

"Mama hakukusikia," nikasema. "Mimi ndiye niliyemwambia. Nilimwambia ni dawa. Nilimwambia apumzike vidonge. Majani nilichemsha mimi."

Akaiokota shuka, akaikung'uta vumbi.

"Kilichokubali ni hesabu, dada," akasema polepole. "Hesabu ya molekuli moja, peke yake, mahali hakuna hata hewa. Haina damu. Haina moyo. Haijui presha ni kitu gani. Ungeniuliza ningekwambia kwa dakika moja."

"Najua."

"Na ile Jumapili, nimekupigia magoti... ulikuwa unajua?"

Nikageukia kamba, nikaanua nguo ya mwisho.

"La mama nimeshaelewa," akasema. "Ulitaka apone. Hilo nimeelewa. Ile Jumapili ndiyo siielewi."

Akaingia ndani. Akaishusha kompyuta kabatini, akaifuta vumbi kwa fulana yake, akapakia nguo chache. Hakubamiza mlango. Afadhali angebamiza.

Wewe unayesoma hapa, kama nyumbani kwenu kuna mtu amesoma jambo usilolijua, likitoka mdomoni mwake lifikishe lilivyo. Usiliongezee hata neno moja la kwako. Na ukimwona mtu anabeba mzigo ambao ni wako, mtue siku hiyohiyo. Usisubiri upate ujasiri, maana kila siku unayosubiri ni kosa jipya, na ninavyoona hilo ndilo gumu kusamehewa.

Jana nilimpigia yule mwalimu wake. Ameniambia Profesa amerudi, anaandika sura ya mwisho, anakaa kwa rafiki yake karibu na maabara. Simu zangu hapokei. Leo ni siku ya tisa.