Glasi kwenye Dashibodi

Msimamizi wa yadi ya malori nyuma ya bandari ya Surabaya huajiri madereva akiwa amekaa. Kiti chake cha plastiki kimefungwa mguu mmoja kwa waya, na sauti yake hutokea puani pamoja na moshi wa sigara ya karafuu. Leseni yako mpya huishika kwa vidole viwili, kama mtu anayemtoa panya kwa mkia. "Uzoefu miaka mingapi?" Ukisema huna, hucheka mpaka tumbo likacheza. "Basi nenda kautafute, kijana. Ukiupata, uje." Mwenye bahati hupewa mtihani: glasi ya kahawa yake mwenyewe bwana mkubwa, imejaa pomoni, huwekwa kwenye dashibodi, nawe urudishe trela kinyumenyume kati ya mapipa mawili. Tone likimwagika, kwaheri. Wiki sita nimeona dashibodi ile ikifutwa, mara moja kwa shati langu.

Jumatatu alikuja Lasmini, leseni yake ina siku tisa. Alipanda, akaitazama kahawa, akaipuliza, akainywa yote. Akairudisha glasi mahali pake, kisha akaiingiza trela kati ya mapipa kama droo kabatini.

"Haijamwagika, mzee," alisema, akijifuta mashapo ya kahawa mdomoni. "Ila sukari umezidisha."

Tukasubiri afukuzwe. Msimamizi aliipindua glasi, halikutoka hata tone. Akampa funguo, akatugeukia sisi tuliopanga foleni na leseni zetu safi.

"Mnaona? Huyu ana uzoefu."