Jinzi Isiyofuliwa

Karani ana jinzi ya Kijapani, ngumu kama turubai, aivaayo ofisini na isiyojua sabuni. Siku za mwanzo alilala chali kitandani, pumzi ameibana, ndipo kifungo kikubali. “Itaachia yenyewe, mke wangu,” alisema, “halafu nisipoifua, itachuja kufuatana na shughuli zangu.” Kila jioni huitundika msumarini, akaipapasa kama anayebembeleza mtoto. Jana mkewe aliikazia macho, akachanganyikiwa. Sehemu ya kukalia ilikuwa na buluu ileile ya dukani, lakini magoti yalikuwa meupe. Mtu wa kukaa kitini kutwa nzima?

“Baba watoto, siku hizi ofisini mnapiga magoti?”

Karani akacheka, kicheko kikamwishia njiani. Akaitundika jinzi upya, magoti yakielekea ukutani.