Kabichi kwa Wageni wa Pwani

Walimu watatu kutoka mji mmoja wa pwani ya India walituandikia kwamba wangependa kuja Mwanza kwa siku tatu. Shule yetu, iliyoko Mkolani, ilikuwa ikiandikiana na shule yao muda mrefu: wanafunzi wao wakiuliza habari za ziwa, wetu wakiuliza habari za bahari. Mkuu wa shule aliunda kamati ya mapokezi siku hiyohiyo. Uenyekiti akampa makamu wake, mzee mwenye sauti kubwa na suti mbili. Mimi, mwalimu wa jiografia, nikapewa ukatibu kwa sababu mwandiko wangu unasomeka.

Kikao cha kwanza kilikula asubuhi nzima kwa ajenda moja: wageni watakula nini?

"Wahindi hawali nyama," alisema mwenyekiti. "Wala samaki. Wala yai. Hilo linajulikana."

Nikanyoosha mkono. "Mwenyekiti, si tuna barua pepe yao? Nikiwauliza leo, kesho watakuwa wamejibu."

Alinitazama kama niliyetukana kanisani. "Mwalimu, mgeni anaulizwa atakula nini? Kwenu huwa mnauliza?"

Kwetu hatuulizi. Nikaandika: wali, maharage na kabichi. Mwalimu wa michezo akapendekeza kabichi iwekwe karoti, ionekane ya kimataifa. Hakuna aliyepinga.

Malazi tukayapata Buswelu, kwenye nyumba ya wageni yenye vigae vipya na geti linalojifungua lenyewe. Nilisema kwamba kutoka pale ziwa halionekani hata ukipanda juu ya paa.

"Afadhali," mwenyekiti akajibu. "Hawa wametoka baharini, maji wameyachoka. Sisi tutawaonyesha maendeleo."

Maendeleo yalikuwa ofisi. Siku ya pili nzima ilipangiwa ofisi za wilaya ya Nyamagana, wageni watoke ofisi hii waingie ile, wakisaini vitabu.

Wakaja: mwanamume mmoja asiyesema sana, na wanawake wawili. Mkubwa wao alikuwa na mvi tupu na raba nyeupe miguuni, mwalimu wa hesabu karibu kustaafu. Siku ya kwanza walisikiliza hotuba nne, wakala kabichi. Jioni wakala kabichi iliyopashwa moto. Walishukuru kila mara kwa adabu, mikono wakiikutanisha kifuani, nasi tukajiona tumefaulu.

Siku ya pili, kwenye ofisi ya tano, yule mama wa mvi alisaini kitabu, akainua kichwa na kumuuliza mwenyeji wetu, kwa upole kabisa, "Samahani, ofisi hii inafanya kazi gani?" Yule bwana alimgeukia msaidizi wake. Msaidizi akaenda kuleta soda.

Jioni ile mpishi wetu, mama mmoja wa Ukerewe, alinivuta pembeni. "Mwalimu, sahani zinarudi kama zilivyokwenda. Hawa watu watatufia."

Nikampelekea mwenyekiti habari. Akatabasamu. "Wameshiba hao. Wahindi ni watu wa kufunga."

Asubuhi ya tatu nilikuwa nao garini, tukielekea shuleni kwenye hafla ya kuwaaga. Tulipopita karibu na ziwa, upepo ukaleta harufu ya samaki wa kukaanga. Yule mama akamgusa dereva begani. "Simama, tafadhali." Kisha akanigeukia.

"Mwalimu, watu wa hapa wanakula samaki?"

"Wanakula."

"Wote?"

"Karibu wote."

"Isipokuwa wageni?"

Akacheka mpaka akafuta macho. Baba yake, alisema, alikuwa mvuvi; amekuzwa kwa samaki, na wenzake vilevile. Waliposoma kwamba mji wetu uko kandokando ya ziwa, walijiambia watakula mpaka wachoke. "Tulipoletewa kabichi, tukadhani mko kwenye mfungo. Tukaona aibu kuuliza."

Tukashuka. Tuliketi kwenye benchi la plastiki mbele ya mama muuzaji, tukaagiza sato na ugali. Yule mwanamume asiyesema alimaliza sato wawili, akaanza kusema. Alisema kuhusu miiba, kuhusu mama yake, kuhusu nazi wanazotia kwenye mchuzi kwao. Hakunyamaza tena.

Simu yangu ikalia. "Mko wapi?" mwenyekiti alifoka. "Mkuu wa shule amesimama na hotuba mkononi!"

Nikamweleza tulipo. Alifika kwa bodaboda na suti yake nyeusi, akasimama juu yetu akitazama mifupa. Yule mama wa mvi akasogea kumpisha. "Karibu, mwenyekiti." Alisita kidogo, akavua koti, akaketi. Aliagiza kichwa cha sangara.

Wiki iliyofuata aliniita kuandika taarifa.

"Andika hivi: siku ya tatu, kama ilivyopangwa na kamati, wageni walipelekwa kuonja samaki wa ziwa letu."

"Ilipangwa lini, mwenyekiti?"

"Katibu kazi yake ni kuandika. Ongeza: mpishi ashauriwe kupunguza kabichi kwa wageni wa kimataifa."

Nikaandika. Mkuu wa shule aliisoma kwa sauti, akaipongeza kamati mbele ya walimu wote, tukapigiwa makofi matatu. Mpishi alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai.

Nilimfuata jikoni kumwomba radhi. Hata sikumaliza. "Ah, mwalimu, usihangaike. Ile kabichi iliyobaki niliwapelekea nguruwe wangu. Wameisifu sana."

Nilicheka naye tukashikana mikono. Lakini ile sentensi ya mpishi ipo kwenye faili mpaka leo, na chini yake kuna sahihi yangu, inasomeka vizuri.