Mama Aliyeiba Sketi

Kila mwaka, siku ya kuwakumbuka Wayahudi waliouawa na Wanazi inapokaribia, simu ya Madame huanza kulia. Madame ni bibi mzee ninayemtunza katika mtaa wa Jette, huku ughaibuni, mimi mtoto wa Bukavu, na miezi mingine yote hakuna anayemtafuta ila mimi na muuza dawa. Alizaliwa katika kambi ya Wanazi, wiki chache kabla ya askari wa ukombozi kufika na kufungua malango. Basi ikifika siku hiyo, ghafla anakuwa lulu.

Mwaka huu alitujia bwana mmoja wa kamati ya maadhimisho, skafu shingoni, akimpigia Madame kelele kana kwamba kuzaliwa kambini kunaziba masikio.

"Unakumbuka nini kuhusu kambi?"

"Nakumbuka nilinyonya," Madame akamjibu.

Akaandika! Naapa, aliandika.

Madame akamhurumia, akamweleza aliyosimuliwa na mama yake. Mama huyo alificha mimba chini ya nguo pana, akajifungua juu ya mbao tupu, hana hata kitambaa cha kumfunga mtoto. Alfajiri akaiba sketi ya sufu ya mwanamke aliyelala kando yake, akaichana vipande. Mwenye sketi alipoamka alipiga mayowe, akamlaani yeye na kitoto chake. Baridi ilikuwa kali. Yaliyompata mwenye sketi baadaye, mama hakuyasema kamwe, na mpaka anakufa hakuruhusu sketi ya sufu iingie nyumbani kwake.

Wiki iliyofuata bwana akaleta hotuba ambayo Madame angeisoma siku hiyo, imeshapigwa chapa vizuri. Sketi imegeuka "zawadi ya upendo kutoka kwa dada wa mateso". Mama naye amekuwa malaika, kabakiza mabawa tu.

"Tumelainisha kidogo," bwana akasema. "Kutakuwa na wanafunzi."

Alipotoka, Madame akaitupa hotuba mezani kwa hasira. Mama yake alikuwa mgomvi, mbishi, mwenye ulimi mkali, na Madame hakuwa na mama mwingine. Sasa watu wenye adabu zao wamemchukua, wamemletea mwanamke asiyemjua. Nami niliwaka. Nilitamani kumfuata bwana yule hadi kituo cha tramu nimlainishe yeye.

Jioni nyumbani kwetu, mtaa wa Evere, nikamsimulia mama yangu, ambaye alikimbia vita vya Kivu akiwa amenibeba mgongoni. Safari ile huwa haiongelei. Alikuwa anamenya viazi, akacheka kwa pua.

"Bon, na weye unawaza ulikunywa maziwa ya nani kule mu pori? Niliiba mbuzi ya watu. Ule papa mwenye mbuzi alilia, alors nikakimbia. Ambia ule monsieur aandike kama ilikuwa cadeau ya upendo."

Halafu akaendelea na viazi vyake. Nikachukua kisu, nikamsaidia kumenya. Umri wote huu nilidhani tuliponea kwa maombi.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa wakubwa wa mji, kila mmoja kavaa uso wa msiba uliopigwa pasi. Mbele waliwasha mishumaa kwa ajili ya watoto wachanga waliofia kambini. Nikamsukuma Madame katika kiti chake cha magurudumu hadi kwenye kipaza sauti. Akasoma hotuba kwa utulivu, bwana wa skafu akitikisa kichwa kwa kuridhika, mpaka akafika kwenye "zawadi". Hapo akakunja karatasi, akanipa niishike.

"Haikuwa zawadi," akasema. "Mama yangu aliiba. Yule mwanamke alikuwa hai, alisikia baridi, na alilia. Hata jina lake silijui. Lakini mama yangu angekuwa mwema kama mlivyomwandika hapa, leo mngekuwa mnaniwashia mshumaa."