Marehemu Afungua Mlango

"Yaani nife tena?"

Fundi matairi alisema hivyo huku kashika karatasi zake za mchezo wa redio, vidole bado vina ule weusi wa mpira ambao sabuni haiuwezi. Aliyeulizwa ni mama mwenye mchezo, mtunzi na mwongozaji kwa pamoja. Studio nzima walimwita Mama Kimya, maana neno hilo alilitamka mara nyingi kuliko majina ya wanawe. Hakuinua hata kichwa. Akamjibu kwamba ndiyo, atakufa tena, ukurasa wa kwanza, kwa kisu, na safari hii ajitahidi kuanguka kama mtu, sio kama gunia la mkaa.

"Uliniahidi, dada. Ulisema leo mimi ndiye muuaji."

"Nilisema. Sasa wadhamini wanamtaka yule kaka anayetangaza mpira. Sauti yake watu wanaijua."

"Na yangu je?"

"Yako pia wanaijua. Ile ya kukata roho."

Wenzake wakacheka. Mtangazaji wa mpira mwenyewe alikuwa pembeni anakunywa maji, kaachia vifungo viwili vya shati, na yeye akacheka, tena akamgonga fundi begani kama wamekuwa marafiki toka utoto. Fundi akauangalia ule mkono mpaka ukaondoka wenyewe.

Ujue, mchezo wenyewe ulikuwa wa upelelezi, unakwenda hewani moja kwa moja, kila wiki na mauaji yake. Inspekta alikuwa yule yule siku zote, mzee mmoja mwenye sauti nzito ambaye mchana anauza viatu. Na maiti naye alikuwa yule yule. Fundi alishanyweshwa sumu, kanyongwa, kapigwa risasi, kasukumwa kisimani, kaangukiwa na kabati. Mtaani jina lake la kuzaliwa likapotea kabisa, akabaki Marehemu. Marehemu, nijazie upepo. Marehemu, hii tyubu inafaa kiraka au tuizike? Hata mkewe, wakikosana, alikuwa akisimama mlangoni na kumwambia marehemu chakula kinapoa.

Hayo yote aliyameza. Kilichomkaa kooni ni baba yake.

Mzee miguu ilishamgomea, siku nzima yuko kitandani na redio juu ya kifua. Sasa redio yake ni ya zamani, kuikamata stesheni ni kazi ya kuizungusha taratibu kwa kidole gumba, na kila wiki ikija kukamata, mwanawe kashakufa na polisi washafika. Mzee alikuwa akimwambia, "Mwanangu, nasikia uko redioni, ila mimi kila siku nakuta msiba tu." Alisema kama utani. Lakini utani ukirudiwa na mtu asiyetoka kitandani, unaanza kuuma.

Kwa hiyo Marehemu alipoahidiwa kuwa muuaji, jambo la kwanza lilikuwa kwenda kumwambia baba yake. Safari hii usihangaike, Mzee, hata ukichelewa utanikuta, mimi ndiye wa mwisho kuongea, naungama ukurasa mzima. Mzee akaomba betri mpya. Akaita wajomba, akaita mashemeji, akaita na majirani wasiosalimiana naye vizuri. Muda huo Marehemu anabishana studio, kile chumba cha baba yake kilikuwa kimejaa, watu wamekalia mpaka ndoo, wanamsubiri aongee.

Na kule kazini nako kaacha lori juu ya jeki, dereva kajilaza ndani anasubiri tairi, kaambiwa fundi anakwenda mara moja kuua mtu halafu anarudi.

Alitaka kuondoka pale pale. Akamwambia Mama Kimya angalau ampe sentensi moja ya mwisho, hata ya mpita njia, hata ya daktari anayepima maiti. Mama Kimya akamwambia daktari hawezi kuwa na sauti ya maiti, watu watachanganyikiwa. Kisha taa nyekundu ikawaka, akainua kidole.

"Kimya."

Basi akafa. Akafa kwa hasira, kwa ukelele ambao haukuandikwa popote, mpaka fundi mitambo nyuma ya kioo akavua visikilizio vyake vya masikioni. Akaanguka, akajiviringisha chini ya meza, akatulia.

Maiti wa mchezo ule alikuwa haruhusiwi kutoka, na sababu ni mlango. Studio ilikuwa na mlango mmoja tu, mbao nzito, bawaba zake zinalia kama mtu anayekamuliwa jipu. Mama Kimya alikataza usitiwe mafuta, maana mlio ule ndio uliokuwa mali ya mchezo. Kila muuaji alipoingia au kutoka, mlango ule ulifunguliwa mbele ya maiki, na wasikilizaji nyumbani wakavuta miguu juu ya viti. Hakuna aliyeuona, ila wote waliujua. Ukilia, muuaji yupo. Kwa hiyo ukishakufa unakaa chini ya meza, pekupeku kama wenzio, hukohoi, hujikuni, mpaka muziki wa mwisho.

Alilala pale anaangalia miguu ya watu. Inspekta akahoji mpishi, akahoji mjane, akapata kisu. Mambo yakaenda mpaka kwenye ungamo, na miguu ya mtangazaji wa mpira ikasogea kwenye maiki.

Kama angesoma vizuri, huenda Marehemu angevumilia. Lakini jamaa alishazoea uwanja. "Nikaingia," akasema, sauti inapanda, "nikampita mlinzi wa kwanza, nikampita wa pili, nimebaki mimi na yeye, mimi na yeye, nainua kisu, nachoma, na ameanguka chiiini." Kidogo tu atangaze bao.

Chini ya meza, Marehemu alisikia damu inampanda masikioni. Kunyang'anywa nafasi ni kitu kimoja. Kuuawa kama bao la dakika za mwisho, wajomba zako wote wanasikiliza, hicho ni kitu kingine. Akajiona vile atakavyomkuta Mzee kesho, na ule utani wa msiba.

Akainuka. Mama Kimya akamtolea macho, akainua kidole chake. Marehemu akapita mbele ya kidole, akaokota viatu vyake, akaushika mlango, akaufungua. Hakuufungua haraka. Aliuvuta pole pole mpaka mwisho, ukalia wote, kila bawaba kwa zamu yake. Kisha akaufunga vile vile.

Kwenye ngazi alikuta mlinzi wa jengo kakumbatia redio ndogo, mdomo wazi. Redioni mtangazaji wa mpira alikuwa kakwama katikati ya sentensi. Halafu Inspekta, mzee wa watu, akajikusanya.

"Huyu sio muuaji," akasema. "Muuaji ametoka sasa hivi."

Simu ya Marehemu ikatetemeka mfukoni. Ilikuwa namba ya baba yake, na nyuma yake makelele ya chumba kizima.

"Ni wewe uliyetoka?" Mzee akauliza.

"Ni mimi."

"Nilijua. Nimewaambia hapa, ule mwendo wa kufunga mlango pole pole kwa hasira ni wa mwanangu." Akapunguza sauti ya redio. "Sasa utanyongwa?"

"Nitafukuzwa tu, Mzee."

"Basi afadhali."

Juu mlango ukalia tena, na Mama Kimya akatokea kwenye ngazi, anahema, hana viatu. Kwa mara ya kwanza hakusema kimya. Akamwita arudi, wasikilizaji wanapiga simu, wote wanauliza ni nani aliyetoka, ukurasa wa mwisho aje aungame yeye. Mtangazaji wa mpira kashasogezwa pembeni.

Marehemu alikuwa anavaa viatu. Akafunga kamba za kiatu cha kushoto, akafunga za kulia, akazivuta mpaka zikamuumiza.

"Mimi ulishaniua, dada," akasema. "Kuna lori liko juu ya jeki."

Akashuka. Mlinzi akajibana ukutani kumpisha.