Koti la Rubani la Baba Mkwe

Kwenye orodha ya mahari baba mkwe wangu aliandikisha mbuzi, chumvi, blanketi la mama, na mwishoni kabisa: koti moja la ngozi la rubani. Zamani, akichimba dhahabu, alimwona rubani wa ndege ndogo akishuka na koti hilo, lenye kola ya manyoya, na tangu siku ile halikumtoka moyoni. Bila koti, hakuna bibi arusi. Sasa mimi, mwuza vitambaa wa Kasongo, nitoe wapi koti la rubani?

La kwanza niliagiza kwa simu. Kwenye picha lilikuwa safi kabisa, "mtindo wa marubani wa kale." Lilipofika, Mungu wangu, nilitaka kulia. Simili tupu! Plastiki iliyopakwa rangi ya kahawia, ukiinua mkono inalia kwacha-kwacha. Manyoya ya kola yanakubakia mdomoni. Zipu inapanda mpaka kitovuni, halafu inagoma. Nililivaa dukani kidogo tu, nikaloa jasho kama mgonjwa wa malaria.

La pili nilimkuta nalo sokoni mchuuzi mmoja kutoka Bukavu. Nalo lilikuwa la kuiga, hakunificha, ila huyo aliyeiga aliijua kazi. Ngozi ya mbuzi, laini, nzito kidogo bila kukuchosha. Bitana ya pamba, zipu ya chuma. Kiunoni limekatwa fupi, maana rubani kazi yake ni kukaa, na kweli ukikaa halikupandi shingoni.

Hapo ujinga wangu ukaanza. Nilikuwa nimeshachezewa mara moja, sikutaka tena kuamini kitu kwa macho. Nikalivaa kwenye pikipiki, kutoka Kasongo mpaka Wamaza, kwa bukwe, nyumbani kwa wakwe, nione kama linaingiza maji. Tulinyeshewa njia nzima, mimi na mshenga wangu. Yeye alitetemeka, mimi nilikuwa mkavu, nimestarehe hata nikasahau kwamba koti lile si langu. Kabla ya kufika nikalipangusa, nikalikunja vizuri.

Vitu vikatandazwa mkekani. Shangazi wa binti, ambaye ndiye mkaguzi wa mahari, akaliinua koti, akalipeleka puani.

"Hii koti iko na harufu ya mutu. Nani aliivaa?"

"Niliijaribu tu, shangazi, juu ya mvua."

Aka! Kelele gani ile! "Baba yetu angali muzima, na weye unaisha kuvaa nguo zake? Unataka kumurithi?"

Na alikuwa na haki, hilo ndilo lililoniuma. Hata kwetu nguo ya baba mkwe huvai. Inavaliwa na warithi tu, siku ya kugawa vitu vya marehemu. Nililijua hilo tangu utotoni, nikalisahau kwa ajili ya zipu! Mshenga akainamisha kichwa. Mchumba wangu nilimsikia nyuma ya ukuta akilia.

Kwa hasira nikafungua mfuko. Lile la simili lilikuwamo, ndani ya nailoni yake, nilikuwa nalipeleka Kabambare, mbele ya safari, nimtupie yeyote atakayelitaka. Shangazi akalinusa, mbele, nyuma, kwapani. Nililivaa hilo pia, lakini plastiki haishiki harufu ya mtu.

"Hii iko mupya," akasema. Vigelegele! Baba mkwe akalivaa palepale, anang'aa kwa jasho na furaha, na mimi meno nimeyauma. Nilipewa mke, nikarudishiwa koti zuri kama mtu anayerudishiwa aibu yake.

Masika yaliyofuata nilikwenda kumsalimia. Simili ilikuwa imebambuka mabegani, zipu ileile kitovuni, maji yanaingia kifuani, naye anakohoa. Niliwakasirikia shangazi na yule aliyeniuzia kwa simu, na mimi mwenyewe zaidi. Nikavua langu, lile la ngozi ya mbuzi.

"Baba, kamata. Tafadhali."

"Apana, mukwe. Hiyo iko yako." 

Lakini mkono wake ulikuwa umeshashika mkono wa koti. Akapapasa ngozi, akapapasa kola, akarudia tena.

"Ni hii," akasema polepole. "Ni hii ile niliona."

Lakini hakulichukua: akanivisha mimi kwa mikono yake, akavuta zipu. Ilipanda mpaka kidevuni bila kukwama.